Mtoto wa Kulea Naye Ana Arubaini Yake

Tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipoitaja kafala kwa jina lake, khabari ya kumchukua na kumlea mtoto asiyekuwa wa tumbo lako imeanza kuzungumzwa barazani bila ya kunong'onezana. Si jambo dogo hilo. Miaka mingi Muislamu wa Pwani aliyetaka kumtoa mtoto katika makao ya watoto alikuwa baina ya mawili: ama aasili kwa sheria ya serikali, ambayo humpa mtoto ukoo mpya kana kwamba amezaliwa humo, na dini yake haimruhusu, ama amchukue kimya kimya bila ya karatasi, na kesho akija mtu kumdai asiwe na la kusema. Sasa mlango umefunguliwa, na maswali nayasikia kila nipitapo. Mtoto ataitwa kwa jina la nani? Atarithi? Binti akibaleghe itakuwaje baina yake na baba aliyemlea?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yako. Mtoto huitwa kwa babake mzazi, na asiyejulikana babake ni ndugu yetu katika dini. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa katika Suratul Ahzab na katika khabari ya Zayd bin Haritha, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad mpaka ilipoamrishwa arudishiwe jina la babake. Urithi hana, lakini waweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali yako. Na umahramu, kwa sisi Mashafii, hupatikana kwa kunyonya mara tano kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Mwenye shaka na amwendee kadhi. Mimi si shekhe. Nilisoma chuoni kama walivyosoma wenzangu, kwa ubao na kwa bakora, na hayo ndiyo niliyobaki nayo.

Nitakalo kulisema leo ni jingine, na sijasikia likiulizwa. Mtoto akishavuka kizingiti cha nyumba yako, siku za mwanzo akae na nani?

Najua jawabu yetu ilivyo. Akae na sote! Mtoto ni furaha, na furaha ya Mswahili haifungiwi mlango. Siku hiyo nyumba itafukizwa ubani, halua itakatwa, mashangazi watakuja na makhalati watakuja, mtoto atapakatwa na huyu na kupokewa na yule mpaka Isha, na kila mmoja atamwuliza, "Wanijua mimi? Mimi ni nani?" Wiki ya pili atapelekwa madrasa pamoja na binamu zake. Ikiwa ni mwanamume, kuna atakayekumbusha kwamba bado hajatahiriwa. Na mama mlezi atarudi kazini, kwani yaya yuko.

Rai yangu ni kinyume cha hayo yote. Mtoto aliyetoka makao ya watoto, khasa aliye na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, apewe mtu mmoja. Mtu huyo amlishe yeye, amwogeshe yeye, amlaze yeye, na usiku akilia aamke yeye. Wageni wangoje. Nanyi mtakaosema kuwa huu ni uzungu, nawaomba subira, maana nitafika huko.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu mwaka 2011. Wakati huo nikifanya kazi Nairobi, na jioni nikisomesha wageni Kiswahili, nipate kuisaidia kodi ya nyumba. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa bibi wa Kiitaliano aliyepanga chumba na sebule upande wa Hurlingham, pamoja na mtoto mwanamume wa mwaka mmoja na miezi kumi waliyepewa yeye na mumewe. Sheria ya Watoto iliyokuwako, ile ya mwaka 2001, ilimtaka mwenye kuasili akae na mtoto papa hapa Kenya miezi mitatu mfululizo kabla ya kupeleka ombi Mahakama Kuu. Na kesi nayo ikichukua muda wake. Mume alikaa wiki tatu, ruhusa yake ya kazi ikaisha, akarudi kwao. Mke akabaki na mtoto asiyemjua, katika mji asioujua, hana mama, hana dada, hana jirani anayemfahamu. Ugeni wa Nairobi naujua, nami ni mtu wa nchi hii. Wake yeye siuwezi kuupima.

Nikienda na mke wangu, kwani kuingia nyumbani mwa mwanamke aliye peke yake si adabu yetu, na mke wangu ndiye aliyeona mengi kunishinda mimi. Siku ya kwanza yule bibi alinitolea kitabu cha Kiswahili cha watalii, na somo la mwanzo lilikuwa la mtu anayeuliza treni ya Mombasa yaondoka saa ngapi. Nikamwuliza, "Huyu mtoto ataka kwenda Mombasa?" Akacheka, nikakifunga kile kitabu. Tukaanza na maneno ya mtu wa miaka miwili: njoo, shika, moto, polepole, bado, tena, kwisha, narudi, nipo. Hili la mwisho ndilo aliloliona lina kazi kuliko yote. Akiwa jikoni, mtoto hamwoni, husema kwa sauti, "Nipo!" Akiingia msalani, "Nipo!" Siku nzima nyumba ile ilikuwa ni nipo, nipo.

Mtoto mwenyewe alikuwa na tabia ambazo mtu asiyejua angezisifu. Siku ile ya kwanza alimjia mke wangu mbio, akampanda mapajani, akamwita mama. Yule bibi uso ukambadilika, maana tangu asubuhi alikuwa akijipongeza kuwa ameitwa mama. Lakini huko alikotoka, wanawake waliokuwa wakibadilishana zamu ya mchana na ya usiku wote walikuwa mama. Neno lilikuwa ni cheo cha kazi tu. Alimwendea bawabu vivyo hivyo, na mchuuzi wa mboga vivyo hivyo, na majirani wakisema, mashaallah, mtoto mchangamfu huyu, hana ugeni. Tulipokuwa twashuka ngazi mke wangu akaniambia, "Baba Salma, yule hana ugeni kwa sababu hana mwenyewe. Kwake watu wote ni sawasawa."

Usiku ulikuwa na khabari zake. Alizoea kulala chumbani na watoto wengi, akisikia pumzi zao na vikohozi vyao, na sasa kimya cha chumba cha watu wawili kilimtisha. Akila mpaka atapike, kwani hajui kama chakula kitakuja tena. Na chini ya mto wake kila asubuhi palikuwa na vipande vya mkate alivyoficha. Mke wangu akamshauri asimkemee wala asiuondoe ule mkate mbele ya macho yake, bali amwekee kikombe chenye mkate juu ya kijimeza, aone kuwa upo. Akatumia lile neno lake: mkate upo.

Majirani wakamsema. Nairobi yaya si ghali, kwa nini mzungu mzima ajitese hivi? Wengine wakasema ni bahili, wengine wakasema ana wivu, hataka mtoto abebwe na mtu mweusi. Kumbe alikuwa akifuata shauri moja tu, kwamba chakula kitoke mkono mmoja na maji ya kuoga yatoke mkono mmoja, mpaka mtoto aujue ule mkono. Shauri hilo si jepesi. Siku moja alimlilia mke wangu na kumweleza kuwa hajioni mama kabisa. Ajiona yaya wa mtoto wa watu, na mwenye mtoto haji kumchukua. Mtoto alimpiga akimbeba, akamgeuzia uso akimwimbia. Wapo watakaoona hayo ni maneno ya aibu kwa mtu aliyevuka bahari kutafuta mtoto. Mimi naona ndiyo kweli yenyewe, na wanawake wengi walezi wameificha kweli hiyo mpaka ikawaua roho. Mapenzi ya mtoto wa kulea hayateremki siku ya karatasi. Hupatikana kidogo kidogo, kwa uji na kwa nepi, na mara nyingi mlezi huwa wa mwisho kujua kuwa yamekwisha kuja.

Aliniomba wimbo wa kulazia mtoto. Nyimbo zetu nyingi zina maneno mazito kwa ulimi wa Kitaliano, basi nikamtungia maneno manne ya mizani minane minane, yaliyo rahisi, na neno lake alipendalo likiwa ndani:

Lala mwana usilie,
Nipo hapa sitotoka,
Uji wako nikutie
Kesho ukishaamka.

Ushairi hapo ni haba, nawaachia wenye kazi yao. Lakini aliuimba kila usiku, na kila asubuhi uji ukaja kama ulivyoahidiwa. Hilo ndilo lililofanya kazi. Mtoto alijaribu ahadi ile usiku baada ya usiku, akaiona haivunjiki.

Mwezi wa pili ukielekea kwisha, tulibisha hodi jioni moja. Bibi akaja kutufungulia, na nyuma yake tukasikia kilio kikubwa, kwa kuwa amemwacha sebuleni kwa hatua kumi tu. Mke wangu alimnyoshea mikono kama siku zote. Mtoto hakuja. Akajificha nyuma ya sketi ya yule bibi, akatuangalia kwa jicho moja kama tulivyo: watu wa nje. Mke wangu akasema alhamdulillahi. Bibi akataharuki, akaanza kutuomba radhi, akidhani mtoto amekosa adabu au amerudi nyuma, baada ya kuwa mchangamfu sasa amekuwa mwoga. Ikabidi aelezwe kwamba amepata mtoto leo. Huyu sasa ana mtu ambaye akiondoka humlilia, na wengine wote ni wengine.

Waliondoka mwaka uliofuata, kesi ilipokwisha. Kiswahili cha mtoto yule nadhani kimepotea, na hilo liliniuma, silifichi. Novemba 2014 serikali ilisimamisha wageni wasiasili watoto wa Kenya, kwa hofu ya biashara ya watoto, na mimi sikuwa miongoni mwa waliolalamika. Mtoto wetu kwanza atafutiwe nyumba kwetu. Walakini sheria ile ya 2001 ilikuwa na hekima katika ile miezi mitatu, na wageni wengi waliiona ni adhabu au ni njia ya kuwatoza kodi za nyumba. Waliyoyapata katika miezi ile hayapatikani katika mkoba wa wakili. Ikiwa wageni wamesimamishwa, basi watoto walioko makao ya watoto wanatungoja sisi, na lililo jema tulilowatia wageni hatuna sababu ya kuliacha tunapofika zamu yetu.

Wataalamu nao wameliona hili, na mahali walipoliona wazi ni Romania. Serikali ya Ceaușescu ilipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya laki moja katika majumba ya serikali, wamevikwa na kulishwa, lakini hawana mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanachuoni wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwafuata watoto 136 wa majumba ya mji wa Bucharest; nusu yao wakapelekwa kwa walezi majumbani mwao, nusu wakabaki chini ya utaratibu uliokuwako. Waliopata walezi walisitawi zaidi kwa akili na kwa moyo, na khasa waliowapata kabla ya kutimiza kama miaka miwili. Chakula kilikuwako kote kuwili. Kilichokosekana upande mmoja ni mtu wa kudumu.

Sasa nawarudia wale wa uzungu. Twajua sote khabari ya Bibi Amina, mamake Mtume (S.A.W.), aliyefariki Abwaa, njiani baina ya Madina na Makka, mtoto wake akiwa na umri wa miaka sita. Nani alibaki naye hapo jangwani? Baraka, Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi, Mwafrika mwenzetu. Wasimulizi wa sira wasema ndiye aliyemrudisha mtoto Makka kwa babu yake. Safari ile ifikirieni kidogo, maana mara nyingi twaisoma mbio katika maulidi tupate kufika mbele. Mwanamke peke yake, na mtoto aliyemzika mamake juzi, na ngamia, na njia ya siku nyingi. Hapakuwa na shangazi wa kumpokea mtoto mkononi. Kila alipoamka usiku, aliyemwona ni yule yule. Na imepokewa kuwa Mtume alipokuwa mtu mzima alikuwa akisema kuwa Ummu Ayman ni mama yake baada ya mama yake. Hakuwa wa damu yake wala wa kabila lake. Basi msiniambie kuwa kukaa peke yako na mtoto ugenini mpaka mjuane ni mambo yaliyoletwa na Wataliano.

Tena tunayo mila yetu wenyewe. Mzazi wa Pwani akijifungua hukaa ndani siku arubaini. Hatoki, hapiki, hafui. Hukandwa, hupikiwa, na kazi yake ni mtoto tu. Mila hiyo hatukuiweka kwa ajili ya jeraha la mzazi peke yake. Zile siku arubaini mtoto humjua mamake kwa harufu, na mama humjua mtoto kwa kilio. Kwa nini basi mtoto wa kafala tumnyime arubaini yake? Yeye aihitaji zaidi, maana wa tumbo alikwisha kaa miezi tisa akisikia sauti ya mamake, na huyu amekutana nawe jana mbele ya afisa wa watoto.

Naijua sifa yetu kwamba mtoto ni wa mtaa mzima, nami ni mmoja wa waliolelewa hivyo. Nimekula nyumba saba kwa siku moja na kupigwa na wazee wasionijua jina. Lakini mimi nilikuwa na paja la kurudia. Mtoto aliye na mama aweza kupakatwa na watu mia, akichoka hurudi kwake. Asiye na paja la kurudia, ukimpitisha mikono mia umemrudisha katika zamu za mchana na za usiku alikotoka. Ataonekana mchangamfu, nanyi mtafurahi, na kumbe angali makao ya watoto.

Kwa hivyo jamaa wa mlezi wana kazi kubwa, ila si ile waliyoizoea. Wapike walete chakula mlangoni. Wafue. Wamchukue yule mkubwa aliyeko nyumbani wakamtembeze, naye asione wivu. Mtoto mgeni wasimpakate, na akiwaendea kwa mbio na kuwaita mama, wamrudishe kwa mamake kwa upole: mama yule pale. Tohara ingoje; mikono inayomshika siku hizo isiwe mikono ya kumtia uchungu. Madrasa ingoje, Kur'ani ataisikia kwa mlezi wake akisoma baada ya Magharibi, na huo ni mwanzo mzuri kupita ubao. Jina aliloitwa huko alikotoka lisikatwe ghafla hata kama hamlipendi, kwani katika vyote alivyokuja navyo pengine ndicho chake pekee. Na Kiswahili chake kikiwa cha bara, msimcheke.

Mlezi huyo si lazima awe mwanamke. Nimeona mababu wenye subira kushinda binti zao. La lazima ni kuwa awe yule atakayebaki naye, si dada wa kazi ambaye mwezi ujao atakwenda kuolewa.

Kuna jambo la serikali pia. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2021, na mfanyakazi anayekabidhiwa mtoto wa kuasili akapewa ruhusa ya mwezi mmoja kwa mshahara kamili. Mwezi mmoja ni mchache, hata arubaini haufiki, lakini ni mwanzo. Sheria hiyo ilitungwa kabla ya kafala kutajwa katika Sheria ya Watoto, nayo yazungumza juu ya kuasili. Wabunge wetu wa Pwani, na mabibi wawakilishi wa kaunti, wangetufaa sana kama wangelipeleka Bungeni neno moja tu liongezwe, kwamba ruhusa hiyo ni ya mwenye kuchukua mtoto kwa kafala vilevile, na siku zake ziwe arubaini. Mwalimu wa shule ya Kwale au karani wa bandarini Kilindini aliyepewa mtoto Alkhamisi asilazimike kumwacha kwa jirani Jumatatu.